Mwongozo kamili: Kupanda ndege peke yako na watoto wawili na viti vyao vya gari, kutoka Marekani hadi nyumbani

Wazazi wengi hukwama palepale: kaunta ya kuchekini. Umefika na watoto wawili, kigari cha kusukumia mtoto, mabegi na viti viwili vya gari vyenye kilo kumi na kitu kila kimoja, halafu unaambiwa viti havimo kwenye tiketi, au ni vipana mno, au lebo yake haionekani. Viti vinapelekwa na mizigo, nawe unaingia ndegeni ukiwa umempakata mtoto wa miezi 14 kwa saa zote za safari.

Mambo hayo hayaanzii kaunta. Yanaanzia siku ya kununua tiketi, na mengine yanaamuliwa na utepe wa kupimia nyumbani.

Mwongozo huu unachukua mfano wa mtu mzima mmoja, mtoto mmoja wa chini ya miaka 2, mwingine wa miaka 3 au 4, wakitoka New York kwenda Nairobi moja kwa moja, kisha ndege ndogo kwenda Dar es Salaam, Mombasa au Kisumu. Ukipitia Doha, Istanbul, Addis Ababa au Amsterdam, hatua ni zilezile.

## Vitu vya kuwa navyo

- Viti viwili vya gari vilivyoidhinishwa kwa ndege (maelezo yapo Hatua ya 1).
- Mkanda wa kufungia mizigo au kitoroli cha kukunja, cha kukokotea viti.
- Kanga au mbeleko madhubuti ya kumbeba mdogo. Lazima mikono yako yote miwili ibaki huru.
- Pampasi: moja kwa kila saa 2 za safari nzima, mlango kwa mlango, kisha ongeza 6. Safari ya saa 24 ni pampasi 18.
- Nguo: seti mbili kwa kila mtoto na fulana moja yako, kila seti katika mfuko wake wa zipu. Nguo iliyochafuka inarudi kwenye mfuko uleule.
- Maziwa ya unga yaliyokwisha kupimwa ndani ya chupa kavu, na vitafunio visivyopondeka.
- Pasipoti, nakala za vyeti vya kuzaliwa, na barua ya ridhaa ya mzazi mwenzako iliyothibitishwa na mthibitishaji rasmi wa sahihi (notary). Barua itaje majina, namba za pasipoti, tarehe za safari na namba ya simu anayopatikana. Watoto wetu wengi hubeba jina la baba wakati mama ana jina la kwao, na afisa akiona majina tofauti ana haki ya kuuliza.
- Begi moja la mgongoni. Usichukue la bega, maana litakuteleza kila ukiinama.

## Hatua ya 1: Kagua viti kabla hujanunua tiketi

Geuza kiti cha gari, tafuta lebo ubavuni au chini yake. Viti vya Marekani vilivyoidhinishwa vina sentensi ya maandishi mekundu inayosema kimethibitishwa kwa magari na kwa ndege. Neno la kutafuta ni AIRCRAFT. Piga picha lebo hiyo ikisomeka vizuri na uiweke kwenye simu, kwa sababu ndegeni mhudumu akiihitaji hutaweza kugeuza kiti chenye mtoto.

Viti vya Ulaya huwa na lebo ya Umoja wa Mataifa, herufi E ndani ya duara. Hivyo navyo hukubalika kwenye mashirika mengi, ila hakikisha kiti kinaweza kufungwa kwa mkanda. Kiti cha ISOFIX pekee, yaani kinachonaswa kwenye vyuma vya gari badala ya mkanda, hakifai, kwa kuwa ndege haina vyuma vya kukinasa.

Busta, yaani kile kiti cha kumnyanyua mtoto kisicho na mikanda yake ya mwili, hakiruhusiwi wakati wa kuruka na kutua. Kinategemea mkanda wa begani, na viti vya ndege vya daraja la kawaida vina mkanda wa kiunoni tu. Kipeleke kwenye mizigo.

Sasa chukua utepe, pima upana wa kiti pale kilipo kipana zaidi, pamoja na vishikio vya vikombe. Kisichozidi sentimita 41 kinaingia karibu kila ndege. Cha sentimita 43 huingia ukiinua mkono wa kiti cha ndege. Zaidi ya hapo unacheza bahati nasibu. Angalia pia tarehe ya mwisho ya matumizi, ambayo mara nyingi imechorwa kwenye plastiki ya nyuma.

Ushauri wangu: kiti kizuri cha nyumbani, kile kizito kilichojaa sponji, kiache nyumbani. Nunua chepesi cha safari. Cosco Scenera ni nyepesi na ni nafuu. WAYB Pico hukunjika, ila ni ya mtoto anayetazama mbele tu na bei yake iko juu. Ukiwa peke yako, tofauti ya kilo kadhaa kwa kila kiti ndiyo inayoamua kama utafika geti.

Kwa mtoto mkubwa mwenye kilo 10 hadi 20 na urefu usiozidi mita 1 hivi, kuna pia mikanda ya CARES, inayofungwa kwenye mgongo wa kiti cha ndege na ina uzito wa nusu kilo. Lakini haitumiki ndani ya gari. Ukiichukua, kiti chake cha gari kitasafiri na mizigo, na uliza kwanza kama shirika linaikubali.

## Hatua ya 2: Nunua tiketi kwa kupiga simu, siyo kwa kubonyeza tu

Mtoto aliyetimiza miaka 2 ni lazima awe na kiti chake. Wa chini ya hapo anaweza kupakatwa, na kwa safari za kimataifa hulipiwa kwa kawaida asilimia 10 hivi ya nauli ya mtu mzima. Mtu mzima mmoja hupakata mtoto mmoja tu. Kama wako wote wako chini ya miaka 2, mmoja lazima akae kwenye kiti chake. Na akitimiza miaka 2 mkiwa nyumbani, tiketi ya kurudi lazima iwe na kiti.

Najua bei ya kiti cha tatu inauma. Hata hivyo mnunulie mdogo kiti kama unaweza kabisa. Ndege ikitikisika ghafla, mikono ya mzazi haina nguvu ya kumshika mtoto wa kilo 10. Pia, mtoto aliyefungwa kwenye kiti anachokijua hulala, nawe unapata nafasi ya kumpeleka mwenzake chooni.

Tovuti nyingi zikiona umri wa chini ya miaka 2 humweka moja kwa moja kwenye mapaja. Kwa hiyo piga simu na uulize haya matano, kisha omba majibu yaandikwe kwenye tiketi na utumiwe kwa barua pepe:

1. Mnakubali viti viwili vya gari kwa mtu mzima mmoja? Kwa upana gani?
2. Vinaruhusiwa dirishani na katikati, mimi nikikaa upande wa njia?
3. Kimoja kinaruhusiwa kutazama nyuma?
4. Viti vya safu hiyo vina mikanda yenye puto la hewa? (Hiyo haifungi kiti cha gari.)
5. Ndege ya pili ni ya aina gani, na imepangwaje viti?

Swali la tano ndilo linalosahaulika. Mashirika ya Marekani hufungwa na kanuni za huko: mtoto mwenye tiketi na kiti kilichoidhinishwa hawezi kukataliwa kukitumia. Mashirika ya nje yana taratibu zao, na ndege ya pili inaweza kuwa na taratibu tofauti na ya kwanza.

## Hatua ya 3: Chagua viti vya ndege

Boeing 787 katika daraja la kawaida imepangwa 3-3-3 (viti vitatu, njia, vitatu, njia, vitatu), mpangilio unaokufaa hasa: kiti cha gari dirishani, cha pili katikati, wewe njiani. Sababu ni moja: kiti cha gari kisimzuie mtu yeyote kutoka wakati wa dharura, wewe ukiwemo. Ndiyo maana kisiwekwe upande wa njia, wala kwenye safu ya mlango wa dharura, wala safu ya mbele au nyuma yake.

Usivutiwe na safu ya mbele kabisa, ile inayotazama ukuta. Nafasi ya miguu ni nzuri, lakini meza zake zimefichwa ndani ya mikono ya viti na mikono hiyo hainyanyuki. Kiti cha gari cha sentimita 43 kitagoma hapo. Kile kitanda cha ukutani cha watoto wachanga nacho kina kikomo cha uzito, mara nyingi kilo 10 au 11, na mtoto huondolewa humo kila taa ya mikanda inapowaka.

Ndege ndogo ndiyo yenye mtihani. Embraer 190 na ATR 72 zimepangwa 2-2, kwa hiyo watatu hamtoshi upande mmoja. Mdogo akae dirishani kwenye kiti chake cha gari, wewe kando yake, na mkubwa ng'ambo ya njia, akifungwa mkanda wa kawaida wa ndege. Mwambie mhudumu mapema kwamba mtoto yule ni wako. Kiti cha gari cha mkubwa kikabidhi mlangoni mwa ndege kiingie kwenye mizigo. Kama safari hiyo fupi ina Airbus A220, iliyopangwa 2-3, chagua upande wa viti vitatu, mkae kama mlivyokaa kwenye 787.

## Hatua ya 4: Fanya mazoezi wiki moja kabla

Weka kiti cha gari kwenye kiti cha meza ya chakula. Pitisha mkanda wa suruali kwenye tundu la kupitishia mkanda, kama utakavyofanya ndegeni. Tundu la kutazama mbele liko mgongoni mwa mtoto. La kutazama nyuma liko chini ya mapaja yake. Kosa linalorudiwa kuliko yote ni kupitisha mkanda kwenye tundu la upande usio wenyewe, kisha kiti kinachezacheza na mhudumu anakiondoa.

Rudia mpaka umalize kila kiti ndani ya dakika 3 bila kusoma kitabu chake.

Siku inayofuata beba kila kitu: mdogo mgongoni, begi, viti vimefungwa juu ya kitoroli, mkubwa ameshika kamba ya begi lako. Zunguka mtaa mara moja na panda ngazi 10. Kitu chochote ulichotamani kukitupa njiani, kiache nyumbani.

## Hatua ya 5: Uwanjani na kwenye ukaguzi

Fika saa 3 na nusu kabla. Kaunta waonyeshe barua pepe ya uthibitisho kabla hawajauliza lolote, na waombe wakuwekee lebo kwenye kigari cha kukabidhi mlangoni. Uliza kigari kitarudishwa wapi: mlangoni mwa ndege au kwenye mkanda wa mizigo mwisho wa safari. Mara nyingi ni mwisho wa safari, ndipo mzazi anajikuta uwanja wa kuunganisha bila kigari. Kwa sababu hiyo kanga haiingii kwenye mzigo mkubwa kamwe.

Kwenye ukaguzi, watoto hutolewa kwenye kigari, kigari hukunjwa, na viti vya gari hupita kwenye mashine. Kisichopenya hukaguliwa kwa mkono. Fuata mpangilio huu: vitu kwanza, watoto mwisho. Ukimshusha mtoto kabla ya kuweka mabegi na viti kwenye mashine, utakuwa unahangaika na vitu huku unakimbiza mtoto.

Marekani, maziwa ya mtoto, maji ya kumchanganyia na chakula chake havifungwi na kikomo cha mililita 100. Yatoe kwenye begi na uyatangaze mwenyewe. Ukiunganisha ndege, tarajia kukaguliwa tena.

## Hatua ya 6: Kufunga viti ndani ya ndege

Panda na kundi la kwanza. Familia zikiitwa, nenda. Dakika 10 za ndege tupu zina thamani kubwa. Beba viti vikitangulia mbele yako, umevinyanyua juu ya usawa wa mikono ya viti vya ndege. Kama viwili vinakushinda, mwombe mhudumu mlangoni akusaidie kimoja, na umwambie safu yako.

Mdogo abaki mgongoni. Mkubwa mkalishe kwenye kiti chako cha njiani na kitafunio mkononi.

Anza na cha dirishani:

1. Nyanyua mkono wa kiti cha ndege.
2. Weka kiti cha gari, kisukume mpaka kigusane na mgongo wa kiti cha ndege.
3. Pitisha mkanda kwenye tundu sahihi bila kujisokota, funga bizimu, yaani kile chuma cha kufungia.
4. Weka goti moja ndani ya kiti cha gari, lielemee kwa uzito wako, kisha vuta ncha ya mkanda.
5. Shika kiti pale mkanda unapopita na ukitikise. Kikicheza chini ya sentimita 2 na nusu, umefaulu. Sehemu ya juu kucheza kidogo ni kawaida, kwa sababu ndegeni hakuna pa kufungia mkanda wa juu. Mkanda huo ukunje na uufunge usining'inie.
6. Kabla mtoto hajakaa, fungua bizimu mara moja kisha ufunge tena.

Hatua hiyo ya sita usiiruke. Kiti kikitazama mbele, bizimu hubanwa kati ya ganda la kiti na mgongo wa kiti cha ndege, na kifuniko chake kinakosa nafasi ya kunyanyuka. Watu wamekaa ndegeni dakika 20 baada ya wote kushuka, vidole vimechubuka, kiti hakitoki. Ikigoma, pindua bizimu uso wake uelekee upande wa pili, funga upya, jaribu tena. Mkanda ukiwa mfupi, omba nyongeza ya mkanda.

Kiti kinachotazama nyuma humzuia abiria wa mbele kulaza chake. Mwambie mapema, kwa upole, kabla hajajaribu.

Ukimaliza cha katikati, mvue kila mtoto koti, mfunge mikanda ya mwili. Jaribu kuubana mkanda begani kwa vidole viwili: usipopata pindo la kushika, umekaza vya kutosha. Klipu ya kifua ikae usawa wa kwapa. Mvue viatu, kwa sababu miguu ya mtoto kwenye kiti cha gari hufika barabara kwenye mgongo wa abiria wa mbele.

Usiwafunike kichwa na kiti kizima kwa kanga ili walale. Hewa hupungua na joto hupanda ndani.

## Hatua ya 7: Saa 14 za hewani

Meza ya mbele ya kiti cha gari haitashuka, inagonga magoti ya mtoto. Chakula chao chote kitatokea kwenye meza yako, kwa hiyo omba kiletwe kimoja kimoja.

Maziwa changanya na maji ya chupa, usitumie ya bomba la chooni.

Choo kipange kabla ya toroli la chakula kutoka, maana likishaingia njiani mmefungiwa. Mdogo mgongoni, mkubwa mkononi, nyote watatu mwende pamoja. Kama mmoja amelala na amefungwa, mwombe mhudumu amtazame, nenda na mwenzake. Usimfungue mtoto aliyelala ili kumpeleka "asije akajikojolea"; pampasi ya ziada kwa mkubwa usiku huo si aibu.

Dawa za mafua za kumlazimisha mtoto kulala usizitumie bila kauli ya daktari wake. Baadhi ya watoto huchangamka badala ya kusinzia, na kwa wadogo zina hatari ya kweli.

Ndege huanza kushuka nusu saa hivi kabla ya kutua. Hapo ndipo masikio huuma. Mpe mdogo chupa akiwa amefungwa kwenye kiti chake, mkubwa mpe kitu cha kufyonza au kutafuna. Ukimnyonyesha au kumpa chupa mapema mno, atashiba na kulala kabla masikio hayajaanza kuuma.

## Hatua ya 8: Kushuka

Kaa. Acha wote washuke. Kwanza mdogo mfunge mgongoni, toa kiti chake kikiwa tupu, kisha cha mwenzake. Muda wa kuunganisha usiwe chini ya saa 2 na nusu, kwa kuwa wewe ndiye wa mwisho kutoka.

## Hatua ya 9: Gari linalokupokea

Wengi hulegeza kamba hapa. Umelinda watoto saa 24, halafu nje ya uwanja inakungoja gari moja ndogo yenye babu, shangazi na binamu wawili, na bibi amekwisha kunyoosha mikono ampakate mjukuu.

Zungumza nao wiki moja kabla. Waambie nafasi mbili za nyuma ni za viti vya watoto, hivyo waje na gari mbili au waje wachache. Bibi mpe nafasi kati ya viti viwili au mbele, ampigie mjukuu hadithi njia nzima. Ukiwaambia mapema wanaelewa. Ukiwaambia uwanjani wanaona umekuja na maringo.

Kisha kagua mkanda wa gari. Uvute taratibu mpaka mwisho wote, uachie urudi. Ukisikia unatoa mlio wa kujifunga na haurudi nje tena, unafaa kufunga kiti cha Marekani. Ukiendelea kutoka kwa ulaini, haujifungi wenyewe, na unahitaji klipu ya chuma ya kufungia mkanda, au kiti chenye kibano chake. Klipu hiyo ni ndogo kama kiganja cha mtoto na huuzwa kwa dola chache Marekani. Inunue kabla ya safari, uifunge kwa utepe mgongoni mwa kiti cha gari.

Funga kiti kwa goti vilevile kama ndegeni, safari hii na mkanda wa juu kama gari lina ndoana yake. Tikisa. Sentimita 2 na nusu ni zilezile.

Kiti kilichosafiri na mizigo kichunguze kabla ya kukifunga: pitisha kidole kwenye ganda lote la plastiki, hasa nyuma na pembeni mwa matundu ya mikanda, ukitafuta ufa au sehemu iliyogeuka nyeupe. Ukiipata, kiti hicho kisitumike tena.